Nani Anaona Mguu

Ba,

Nisamehe kwa kukawia. Mvua ndefu zilikuja zikaisha, baridi ya Julai ikaingia na kutoka, na mimi bado nilikuwa najiambia kesho nitamwandikia Ba. Sikukusahau. Kila asubuhi nikifungua mlango naangalia kwako kwanza, kabla hata sijaangalia kama maji ya mfereji yamekuja. Ila nilitaka nikuandikie nikiwa na habari njema, na habari njema imekataa kuja, basi nimeamua nikuandikie hivi hivi. Zawadi amelala. Mkono umemsumbua tangu jana, sasa dawa imemshika, na mimi nimekaa mlangoni na karatasi juu ya beseni lililopinduliwa, jua la saa kumi liko miguuni mwangu.

Kitu kingine kilichonichelewesha ni kwamba sikujua barua nitaituma wapi. Bibi yangu amezikwa Kakamega karibu na migomba yake, nikitaka kumwambia neno nakaa pale nang'oa majani huku naongea. Wewe hukuachiwa mahali. Mpwa wako alichukua majivu kwenye chungu kilichofungwa kitambaa chekundu, akasema atayamwaga mtoni kwenu India, ambako wewe mwenyewe hujawahi kufika. Ulizaliwa Nairobi, ukazeeka Umoja. Basi nikimaliza kuandika nitaitia barua hii kwenye jiko. Ulipita kwa moto, nayo itafuata huko huko.

Wacha nikwambie yaliyobadilika.

Ploti imeuzwa. Sisi wapangaji wa vyumba vya nyuma tumeambiwa tukae kwanza, lakini nyumba yako itabomolewa, mwenye kununua anataka gorofa. Vitu vyako viligawanywa siku moja. Mpwa wako alichukua taa ya shaba, kengele ndogo, na vile vitabu vyako vya Kisanskriti ambavyo herufi zake zimening'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Kitanda kilienda kwa watu wa kanisa la kona. Mimi nilipewa sufuria ya kuchemshia chai na kile kiti chako cha chini. Tulsi yako, kile kichaka chako cha kuombea, hakuna aliyeiuliza. Mafundi waliokuja kupima uwanja waliipiga teke, kopo la rangi likapinduka, nikaikuta imelala na mizizi nje. Nimeirudishia udongo. Imebaki kijiti na majani machache, lakini haijafa. Naimwagilia asubuhi. Siiombi, unajua mimi ni mtu wa kanisa. Naimwagilia kwa sababu wewe ulikuwa unaimwagilia.

Mama Brayo wa chumba cha kwanza hajabadilika. Juzi alisimama na ufagio wake, akaniambia mbele ya watu, "Mama Zawadi, hebu tuambie, wewe umeokoka ama umehindika?" Nikamwambia, "Mimi namwagilia chochote kilichosimama hapa. Endelea kusimama, hata wewe utapata yako." Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Halafu akaangalia mlango wako uliofungwa kwa mnyororo, akasema, "Huyo mama mzee alinizoeza kelele ya kengele. Sasa siamki."

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nimehamia, Zawadi hajatimiza mwaka, baba yake bado yuko. Kamba yangu ilikuwa fupi, nikaona kichaka kwenye kopo, nikatandaza nepi juu yake. Ukatoka na shali yako ya kijivu, ukasimama, ukashika kiuno. "Ei, mama! Leo wewe nafunika Mungu na nepi?" Nilijua nimefukuzwa kabla sijafungua mizigo. Nikaanza kukusanya nepi, wewe ukainama, ukainua kopo lako polepole ukalisogeza juani. "Wacha nepi," ukasema. "Mungu nasonga. Mtoto iko na haraka."

Watu wote walikuita Mama Mhindi. Mimi uliniambia nikuite Ba, ni mama kwa lugha yenu. Nilishangaa mtu asiyezaa kutaka jina hilo, lakini sikuuliza. Ulikuja kunijibu mwenyewe baadaye.

Ulikuwepo siku nilipotoka kliniki na karatasi ya damu ya Zawadi. Siko seli. Daktari alinieleza kwamba damu yake inajikunja, inaziba njia, na pale inapoziba ndipo panapouma, na kwamba imetoka kwangu na kwa baba yake, nusu kwa nusu. Baba yake alisikia hiyo nusu yake akakataa. "Kwetu hakuna ugonjwa kama huo." Akaenda kutafuta kazi Nakuru, na anatafuta hadi leo. Wewe ulimchukua mtoto ukambeba mgongoni, mzee mzima, na shali yako badala ya leso, ukazunguka naye uwanjani ili mimi nilie nimalize.

Ndiyo maana ninayokuja kuyasema sasa nayasema kwa mapenzi, Ba. Usiyapokee vibaya.

Zile alasiri za kuchambua dengu. Sinia katikati yetu, wewe kwenye kiti cha chini, mimi kwenye ngazi, Zawadi akila dengu mbichi tukimkataza. Ulikuwa umefundisha wanawake wenzako hekaluni miaka na miaka, kabla magoti hayajakukataza kupanda matatu, na sasa mwanafunzi uliyebaki naye alikuwa mimi, wa darasa la nane. Uliniambia kwamba ndani ya mtu yuko mmoja anayeona. Macho yanaona dengu, lakini kuna anayeona hata macho yakichoka, anayeona njaa, anayeona hasira, anayeona maumivu. Huyo haumwi. Huyo hakuzaliwa na hafi. Mwili ni nguo yake. Ninyi mnamwita atma.

Nikakwambia, "Ba, hiyo najua. Hata pasta wetu anasema roho haifi."

"Wewe najua?"

"Ndiyo, najua."

"Umejuaje?"

"Nimefundishwa tangu nikiwa mdogo."

Ukacheka ukapiga paja. "Basi wewe ni kama mimi tu!" Halafu ukaniambia, nieleze uchungu wa kuzaa. Nikaona haya, lakini ulinilazimisha. Nikakueleza kiuno kinavyofunguka, na jinsi mtu anavyoomba mama yake na kumtukana mume wake kwa pumzi moja, na ile dakika unaposema basi mimi nakufa, kumbe ndipo mtoto yuko mlangoni. Nilieleza vizuri hadi Mama Brayo, aliyekuwa anafua, akaacha kufua akaongezea yake.

Ulipotosheka ukauliza, "Sasa na mimi najua?"

Nikasema, "Hapana, Ba. Hapo hujajua."

"Kwa nini? Umenieleza kila kitu. Naweza kwenda kufundisha."

Jibu ukalitoa mwenyewe. Ulisema vitabu vyenu vinatenganisha kujua kwa namna mbili. Kuna kujua kwa mbali, unakosikia kwa mwalimu au kusoma, na si uongo, ni kweli kabisa, ila kuko ng'ambo yako. Na kuna kujua ambako hakuna kitu katikati, hata neno. Ukaweka mkono tumboni. "Hii ya atma mimi nimesikia. Nimesoma, nimefundisha wanawake wengi, wamelia, wamenipa maua. Lakini sijazaa." Ukarudi kwenye dengu. Na mimi nikaelewa kwamba kwa neno moja umesema mambo mawili, na yote mawili yalikuuma, nikaona afadhali nichambue dengu.

Tangu siku hiyo tukawa na maneno yetu. Pasta akihubiri vizuri Jumapili, nikirudi unaniuliza, "Amezaa ama amesikia?" Nami najibu, "Ba, huyo amesikia kwa sauti kubwa."

Halafu ikaja ile Julai.

Zawadi alikuwa bado chekechea. Baridi ilimwingia, mguu wa kulia ukaziba. Wewe uliyaona maumivu yake, hakuna haja nikueleze, lakini naandika ili na mimi niyaone nje ya kichwa changu. Mtoto analia hadi sauti inakauka, halafu analia bila sauti, mdomo wazi. Nilikuwa nimempa dawa, nimemfunga blanketi, namkanda kwa mafuta, nasubiri Mama Brayo atafute gari la kutupeleka hospitali. Ukaingia, ukakaa kando ya kichwa chake, ukamshika kidevu, ukamwita mwanangu kwa lugha yenu. "Beta, angalia Ba. Mguu nauma, sawa. Sasa nani anaona mguu? Tafuta yeye. Wewe si mguu. Nani anaona mguu?"

Na mtoto akajaribu kunyamaza. Hilo ndilo lililonichoma, Ba. Nilimwona anameza kilio ili atafute huyo mtu wako. Mtoto wa miaka mitano.

Nikakwambia toka. Nilikwambia, "Ba, toka nje. Mguu ni wake. Mwache alie mguu wake." Ulitaka kusema neno, nikakufungulia mlango.

Sijutii, na hata leo ningefungua ule mlango. Ulikuwa unampa mtoto wangu kitu ambacho wewe mwenyewe ulikuwa umesikia tu, na unampa wakati hana nguvu ya kukataa. Tuliporudi kutoka hospitali sikukusalimu. Nawe hukunisalimu. Tulipishana kwenye mfereji kama watu wa ploti mbili tofauti, na Zawadi katikati akiuliza kwa nini hatuchambui dengu.

Baridi ilipomrudia, ulikuja tena. Ulisimama mlangoni hukuvuka. Umebeba ile chupa yako ya mpira ya kutia maji moto, umeizungushia shali. Ukasema, "Leo sina swali. Niko na maji moto."

Nikakupisha. Ukaiweka kwenye mguu wake, ukakaa, ukashika unyayo, hukusema kitu mpaka alipolala. Sijui kama niliwahi kukwambia asante ya siku hiyo. Asante.

Lakini swali lilikuwa limeshabaki ndani ya mtoto. Mimi nilikutoa wewe, swali sikuliweza. Kila mguu ukianza aliniambia, "Mama, mguu unalia. Mimi niko hapa." Wakati mwingine ni kama ilimsaidia, mabega yalishuka. Wakati mwingine nilihisi anasema tu kwa sababu anajua Ba angefurahi. Nilimwangalia sana usoni nijue ni ipi, sikuweza. Mama mzima, nimemzaa, sikuweza kujua.

Oktoba ukaanguka pale mferejini. Nyonga. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia kama tawi limevunjika, halafu nikasikia wewe. Hospitalini walisema moyo wako hauwezi kuhimili kupasuliwa, wakakurudisha nyumbani na dawa. Mpwa wako alipiga simu, akaomba nikae nawe hadi apate nafasi ya kuja. Nilikuwa nimeshakaa kabla hajaomba.

Ba, ulilia. Lazima niandike hili kwa sababu baadaye kwenye maombolezo wenzako wa hekaluni walisema ulikuwa mtakatifu, hukulalamika hata mara moja, na mimi nilikuwa nimesimama pale na vikombe vya chai nikanyamaza. Ulilia kila nilipokugeuza. Uliita mama yako kwa Kigujarati, ukaita kwa Kiswahili, ukamtukana mumeo aliyekufa zamani kwa kununua nyumba yenye sakafu inayoteleza. Ulikuwa unajua mistari yote ya atma kwa moyo, na hakuna hata mmoja uliokuja.

Zawadi alisikia kupitia ukutani. Mchana mmoja nikiwa nakubadilisha shuka aliingia, akapanda kwenye kile kiti cha chini, akakushika kidevu jinsi ulivyokuwa ukimshika. "Ba. Nani anaona mguu?"

Niliruka nimtoe. Ukaniinulia kidole, niache. Ukaangalia juu kwenye mabati. Nilidhani unatafuta mstari. Halafu ukamwambia, "Sijui, beta. Natafuta, sioni mtu. Naona mguu tu. Mguu peke yake."

Akakubusu, akaenda kucheza. Hakuonekana kusikitika. Wewe ndiye uliyelia, bila mtu kukugeuza. "Nilimpa mtoto kitu cha kusikia," ukaniambia. Nikakwambia hukumdanganya, ulimwambia yale mnayoamini. Ukasema, "Kwa mtu mzima, kusikia na uongo iko tofauti. Kwa mtoto anaumia, ni moja tu."

Siku ile uliniomba nikitoe kitabu chako cha mistari kitandani. Sikukitupa, nilikiweka juu ya kabati, lakini hukukitaka tena. Ukaanza kulala kimya asubuhi, macho wazi, kabla ya chai. Nikauliza unafanya nini. "Natafuta." Ikawa ndiyo salamu yetu. Nikiingia na beseni la maji ya kukuogesha nauliza, "Umepata?" Nawe unasema, "Bado. Leta chai." Kesho yake, "Umepata?" "Bado. Hii sabuni iko na harufu mbaya." Tulicheka, Ba. Kidonda cha mgongo kimefunguka hadi naogopa kukiangalia, nyonga haishiki, na sisi tunacheka. "Umepata?" "Nimepata njaa."

Nataka sasa niandike siku ya mwisho pole pole, maana ndiyo inayonifanya niandike barua nzima.

Homa ilipanda tangu alfajiri. Ulikuwa unaungua. Nilikuwekea kitambaa cha maji kichwani, ukawa unapumua kwa juu juu. Jua lilipoingia dirishani ukafungua macho, ukaniangalia sawasawa, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unanituma dukani: "Mama Zawadi. Mpe huyu mzee maji. Anaumia sana."

Niligeuka, Ba. Naapa niligeuka kuangalia mlangoni ni mzee gani ameingia. Hapakuwa na mtu. Nilipokurudia, ulikuwa umeinamisha macho unaangalia mwili wako mwenyewe, mikono, shuka, ile nyonga, jinsi mtu anavyomwangalia mwenzake aliyekaa kando ya barabara na mzigo mkubwa. Kwa huruma. Lakini kutoka kando.

Nilikupa maji kwa kijiko. Halafu nikauliza, "Ba, umepata?"

Uliniangalia. Midomo ilisogea. Sikusikia kitu. Na hukusema tena.

Nilifanya yote uliyonifundisha. Nilitandika leso sakafuni, nikamwita Mama Brayo tukakushusha, maana hukutaka kufia juu ya kitanda. Nikachuma jani la tulsi. Nikafungua kile kichungu cha shaba kilichozibwa, ulichokitunza kwa siku hiyo, nikakutia tone la maji ya mto wenu mdomoni pamoja na jani. Mama Brayo, yeye wa kusema nyumba yako ina sanamu, alikushika miguu yote miwili akaimba wimbo wa kanisa chini chini, na kila alipofika mahali pa kulia aliacha maneno akaendelea na sauti tu. Ulikata roho kabla ya adhana ya mchana.

Muuguzi aliyekuja baadaye nilimwambia yale maneno ya huyu mzee na maji. Akasema ni homa, wagonjwa wengi hupotea, wengine hata huita majina ya ng'ombe. Hakuwa na dharau, alisema kwa upole. Pengine ni kweli. Mwenzako mmoja wa hekaluni nilimwambia pia, akapiga magoti pale pale akasema umefika, umeona, ni baraka kwangu kusikia. Pengine ni kweli. Lakini yeye hakuwepo, na muuguzi hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na mimi ndiye nisiyejua.

Tulikusindikiza mahali pa kuchomea. Wanaume waliingia, sisi tukabaki karibu na lango. Zawadi alikuwa ameshika sketi yangu, akaona moshi.

"Wamechoma na mguu?"

"Ndiyo, mama."

"Ule ulikuwa unauma?"

"Ule ule."

"Basi hauumi."

"Hauumi tena."

Akafikiria. Meno ya mbele yalikuwa yameanza kulegea, alikuwa anayasukuma kwa ulimi. "Na yule alikuwa anauona?"

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni, la pasta wangu na lako. Yote ni mazuri, yote nimesikia. Nikayameza. Nikamwambia, "Sijui."

"Ba alikuwa anajua?"

"Hata hilo sijui."

"Basi muulize," akasema, kana kwamba umeingia ndani kuvaa viatu.

Tangu siku hiyo hajaacha kunikumbusha. Umemuuliza Ba? Nami nasema bado. Nilidhani atasahau. Lakini mwezi uliopita ugonjwa ulimpanda kifuani. Hii ni mara ya kwanza ya kifua, Ba. Tulilazwa, alivalishwa mpira wa hewa puani, na daktari, msichana mwenye macho ya kuchoka kama yangu, alinivuta kando akaniambia kwamba shida za miguu na mikono zinatesa, lakini za kifua ndizo zinazochukua. Akasema nijue hivyo. Nilimshukuru. Ni afadhali kujua, ingawa hata huko ni kujua kwa mbali, na naomba kubaki ng'ambo hii.

Alipotolewa mpira, kitu cha kwanza aliniambia: "Mama, nikiumwa sana sana, nitafute yule anayeona, ama nilie tu?"

Unaona sasa kwa nini siwezi kungoja zaidi. Hili si swali la dengu. Mtoto wangu anataka kujua atashika nini siku hiyo ikija, na atakishika kwa sababu mimi nimemwambia. Nikimwambia atafute, na huko ndani hakuna mtu, nitakuwa nimemfukuza peke yake mahali patupu wakati angeweza kulia mikononi mwangu. Nikimwambia aache, na yuko, na wewe ulimwona ile asubuhi, nitakuwa nimemfungia mlango pekee usio na maumivu.

Nilimwambia hivi, na nataka ujue nilichosema: "Lia. Ukimwona, mwone. Usipomwona, mimi nitakuwa nakuona." Akakubali. Alisema sawa. Lakini jioni, tukiwa tunakunja nguo, aliuliza tena, "Lakini umemuuliza Ba?"

Basi nimekuuliza.

Nakuahidi jambo moja, na unajua mimi nikisema jambo nimesema. Sitamwambia Zawadi kitu nisichokizaa. Hata akiniangalia na yale macho, hata ikiwa ndiyo siku yenyewe na neno zuri liko tayari mdomoni, la kanisani au la kwako. Kuna kitu kimoja tu ninachokijua bila neno katikati, nacho ni huyu mtoto na uzito wake mikononi mwangu. Hicho ndicho nitakachompa. Na tulsi nitahama nayo wakibomoa.

Nenda salama, Ba, kama bado uko njiani. Kama umefika, kaa salama. Na kama ni kulala tu, lala, ulichoka sana.

Sasa vitu ninavyohitaji unitumie. Wewe ulinituma dukani ukinitajia kimoja kimoja na kunikataza kuchanganya, leo ni zamu yangu.

Nitumie kipimo cha tangawizi na zile mbegu nyeusi kwenye chai. Sufuria ninayo, kipimo sina, na Zawadi anasema yangu si ile.

Nitumie joto la shali ya kijivu. Yenyewe uliondoka nayo, najua haipo, lakini Julai itarudi.

Nitumie kile kicheko cha kupiga paja, hata kimoja, Mama Brayo naye anakingoja ingawa hawezi kusema.

Na nitumie jibu la ile asubuhi. Ulipomwombea mzee maji, ulikuwa umezaa, ama ilikuwa homa? Neno moja linatosha. Lisiwe la kitabuni, hayo ninayo. Kama ulizaa, nitumie nimwambie mtoto. Kama ilikuwa homa, nitumie pia, sitamficha. Na kama huko hakuna mtu wa kutuma, usitume kitu, Ba. Nitaelewa. Chupa yako ya mpira ilibaki hapa kwangu, na maji yapo jikoni.

Mama Zawadi